Mchuzi wa mboga wa Kituruki: kwa nini wangu umegeuka rojo?

Mpishi wa Tudor

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Naomba msaada wa wapishi waliokizoea chakula cha Kituruki, na hata wale ambao hawajakizoea lakini wanazijua tabia za mboga kwa undani. Binti wa dada yangu amerejea Mombasa mwezi uliopita baada ya kusoma Izmir, huko Uturuki, kwa miaka minne, na amekuja na mtindo wa kula ambao nyumbani kwetu hatukuwahi kuupangia chungu: hali nyama wala samaki, hanywi maziwa, hagusi samli wala mayai. Mimi nimempokea na mtindo wake, kwani mgeni wa nyumbani ni wa kutunzwa, na yeye si mgeni bali ni mwanangu. Anachokililia zaidi ni türlü, chakula ambacho anasema alikipika karibu kila wiki alipokuwa huko. Neno lenyewe, kama alivyonieleza, maana yake ni namna kwa namna, yaani mboga za kila aina zilizokutanishwa katika sufuria moja.

Jumamosi iliyopita nilijaribu kumpikia. Nilikatakata bilingani, viazi, mumunye, bamia, hoho na nyanya, nikakaanga vitunguu kama ninavyoanza mchuzi wowote, nikavitia vyote kwa pamoja na vikombe viwili vya maji, kisha nikafunika. Baada ya dakika 40 bilingani zilikuwa zimeyeyuka hata maganda yake yakaelea peke yake, bamia zilikuwa zimetoa ute uliokuwa ukivutika kwenye mwiko kama uzi, na viazi, ambavyo nilidhani vingekuwa vya kwanza kuiva, vilikuwa bado vigumu katikati. Binti alikula kwa adabu na kushukuru, lakini nilimwona akivisogeza viazi pembeni mwa sahani kimoja kimoja.

Ningependa kujua ni mpangilio gani unaofuatwa katika kuzitia mboga, na kiasi gani cha maji. Pia, mafuta ya zeituni kwa bei ya hapa mjini ni mzigo kwa nyumba ya watu saba; je, chakula hiki kinaharibika nikitumia mafuta mengine? Halafu kuna kitu anachokiita salça, aina ya rojo la pilipili nyekundu, ambalo nimelizunguka maduka matatu bila kulipata. Nitashukuru kwa jibu lolote, hata liwe refu.

Mwanafunzi wa Zamani, Nyali

Waalaikum salaam, dada. Niliishi Uturuki miaka kadhaa, nami makosa uliyoyaeleza niliyafanya yote, kwa sababu sisi tuliolelewa na mchuzi tunadhani kila kitu kinachochemka katika sufuria kinahitaji maji ya kuogelea. Türlü si mchuzi kwa maana yetu. Ni mboga zilizoiva kwa maji yake zenyewe na mafuta, na kinachobaki chini ni rojo zito la kuchovya mkate, la kujaza vijiko vichache tu kwa kila mlaji. Nusu kikombe cha maji kinatosha sufuria ya watu sita au saba. Nyanya ina maji, mumunye lina maji, bilingani ina maji, na kifuniko kikikaza vizuri hakuna linalopotea.

Kuhusu viazi kuwa vigumu, sababu yake ni nyanya. Ukali wa nyanya huzifanya kuta za viazi zishikamane, na kiazi kilichotumbukizwa katika rojo la nyanya kikiwa kibichi huweza kuchukua muda maradufu kabla ya kulainika. Maharagwe machanga ya maganda huwa na tabia iyo hiyo. Kwa hiyo viazi na maharagwe huanza peke yake, na nyanya huja baadaye.

Mimi hufanya hivi. Huchukua vitunguu maji viwili, viazi vitatu vya wastani vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa nusu yai, na gramu 200 hivi za maharagwe machanga, nikavitia katika sufuria nzito na robo kikombe cha mafuta, nusu kikombe cha maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Nafunika na kuviacha juu ya moto mdogo kwa dakika 12 hadi 15. Wakati huo huo, katika kaango, nakaanga vipande vya bilingani mbili kwa robo kikombe nyingine ya mafuta mpaka viwe na rangi ya dhahabu kila upande, kisha naviepua. Katika mafuta yaliyobaki nakaanga punje nne za kitunguu thomu na kijiko kikubwa kimoja cha salça kwa dakika moja, mpaka mafuta yageuke mekundu na harufu ibadilike kutoka ukali na kuwa utamu. Hapo naongeza nyanya nne zilizoparuzwa, chumvi kidogo na kijiko cha chai cha sukari. Sukari hiyo Waturuki huitia katika mboga nyingi za mafuta ya zeituni, si kwa kutaka chakula kitamu kama halua, bali kuupunguza ukali wa nyanya.

Viazi vikishaanza kukubali ncha ya kisu, napanga juu yake hoho na mumunye, kisha bilingani, kisha bamia, na mwisho namwagia nyanya juu ya vyote. Kuanzia hapo mwiko unawekwa kando. Ukikoroga, bilingani itasambaratika na bamia itapasuka, na hapo ndipo ule uzi uliouona unapozaliwa. Ukihofia kushika chini, ishike sufuria kwa mishikio yake miwili uitikise mara moja au mbili. Dakika 25 hadi 30 kwa moto mdogo zinatosha.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kukiacha chakula kipoe. Waturuki wana jamii nzima ya vyakula wanavyoviita zeytinyağlı, yaani vya mafuta ya zeituni, vinavyojulikana hasa katika mwambao wa Bahari ya Aegean ambako Izmir yenyewe iko, na vyakula hivyo huliwa vikiwa vuguvugu au baridi kabisa. Imam bayıldı, ile bilingani iliyojazwa vitunguu na nyanya ambayo jina lake maana yake ni kwamba imamu alizimia, ni ya ukoo huo. Ndiyo maana samli haifai hapa hata kwa mtu anayeila: ikipoa huganda mdomoni, na mafuta ya zeituni hayagandi nje ya friji. Mafuta ya alizeti hayagandi pia, na nyumba nyingi za Uturuki huyatumia kwa mapishi ya kila siku, kwa hiyo usijikalifishe. Pika kwa alizeti, na ukiweza kupata kichupa kidogo cha zeituni, nyunyiza vijiko viwili baada ya kuepua, kwa maana hapo ndipo ladha yake inapoonekana.

Salça nayo utaitengeneza mwenyewe. Huko kusini-mashariki ya Uturuki, katika miji kama Gaziantep na Şanlıurfa, mwisho wa kiangazi mapaa ya nyumba huwa mekundu kwa pilipili na nyanya zilizoanikwa juani. Kwetu unyevu wa bahari hauruhusu kuanika kwa wiki nzima, hivyo mimi huanza jikoni: kilo moja ya hoho nyekundu zilizoiva sawasawa, zimetolewa mbegu, pamoja na pilipili kali moja au mbili, husagwa na kuchemshwa bila kifuniko kwa vijiko vitatu vya chai vya chumvi mpaka ziwe nzito na mwiko uache njia chini ya sufuria. Kisha nalitandaza rojo katika sinia, nalifunika kwa kitambaa chepesi, na kulianika kutwa moja wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Jioni huliingiza ndani kabla ya umande. Nalitia katika chupa kavu, nalifunika kwa mafuta juu, na chupa inakaa frijini. Ukiwa huna muda, nyanya ya mkebe kijiko kimoja pamoja na hoho nyekundu moja iliyochomwa na kupondwa itakufikisha karibu.

Bibi wa Kuze

Mwanangu, mimi Uturuki sijafika, lakini bamia na bilingani nimezipika tangu nikiwa binti wa miaka kumi, na sioni kwa nini zibadilike tabia kwa kuitwa kwa lugha nyingine. Tena bamia Waturuki nao huiita bamya, jina lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi.

Ute wa bamia hutoka pale unapoikata ikapasuka chumba cha mbegu. Ichukue bamia changa, isiyozidi urefu wa kidole cha shahada, ioshe ikiwa nzima, ipanguse mpaka ikauke kabisa, kisha kikonyo chake ukichonge kuzunguka kama unavyochonga penseli, ili ibaki na kichwa kilichochongoka bila tundu. Bamia iliyokatwa vipande kisha ikaoshwa imekwisha kuharibika kabla ya kuingia jikoni. Ukishazichonga, zinyunyizie ndimu moja na chumvi kidogo uziache robo saa. Ndimu huukata ute. Hapa simpingi kijana wa Nyali aliyesema kuwa ukali huzuia viazi kuiva. Kwa bamia ukali ni rafiki, kwa viazi ni adui, na ndiyo sababu kila mboga hupewa wakati wake.

Bilingani nayo usiimenye yote. Toa ganda mstari mmoja, acha mstari mmoja, mpaka iwe na milia kama kikoi. Ganda lililobaki ndilo linaloishika nyama yake isiyeyuke. Kisha ilowe katika maji ya chumvi nusu saa, uikamue kwa viganja viwili taratibu na kuipangusa. Ikiingia katika mafuta ikiwa na maji itakurukia, na isipolowekwa itakunywa mafuta yako yote, ikabaki ikiomba mengine.

Sasa nina neno juu ya sufuria. Kama unacho chungu, pika kwa chungu. Nimesikia Waturuki nao wana chungu chao wanachokiita güveç, wanachokiingiza katika joko, na chakula kikaiva kwa moto unaokizunguka pande zote. Sisi joko la namna hiyo hatuna, lakini kupalia, yaani kutia makaa juu ya kifuniko, tunakujua. Panga mboga zako kwenye chungu kama ulivyoelekezwa, weka juu ya seredani yenye makaa machache yaliyokwisha kushika majivu, funika kwa mkungu, kile kifuniko cha udongo, na juu ya mkungu tia makaa matano au sita kama unavyopalia wali. Usiifunue kabla ya nusu saa. Mboga za juu zitakauka kidogo na kupata rangi, na harufu itakayotoka utakapofunua haipatikani kwa jiko la gesi.

Mkaazi wa Likoni

Nimeyasoma yote kwa faida kubwa. Naomba kuuliza: je, dada hawezi kutia tui zito la nazi mwishoni, badala ya mafuta hayo yote? Tui si maziwa ya mnyama, kwa hiyo binti ataweza kulila, na nyumba nyingi za pwani zitakipenda chakula zaidi kwa sababu kitakuwa na ladha iliyozoeleka. Mimi nilipika mboga za namna hiyo kwa tui, na watoto walilamba sahani.

Mwanafunzi wa Zamani, Nyali

Ndugu yangu wa Likoni, sina shaka kwamba chakula chako kilikuwa kizuri, na kwa mtu asiyekula nyama wala maziwa, pwani yetu ni neema kwa sababu ya tui. Hata hivyo, nina msimamo hapa. Tui lina mafuta yanayoganda likipoa sana, nacho chakula hiki kimekusudiwa kuliwa kikiwa kimepoa. Zaidi ya hapo, utamu wa nazi huifunika nyanya na hoho, ambazo ndizo zinazobeba türlü. Binti anatamani ladha aliyoiacha Izmir. Mpikieni mboga za tui siku nyingine, ziitwe kwa jina lake, zisifichwe ndani ya jina la chakula kingine.

Niongeze tahadhari moja kwa dada wa Tudor. Ukitaka kuongeza ladha, usitie vile vidonge vya supu vya dukani bila kusoma maandishi ya pakiti, kwani vingi vina mafuta au unga wa kuku au ng'ombe. Waturuki pia hupenda kuweka mtindi pembeni ya chakula hiki, kwa hiyo si kila türlü inayoliwa Uturuki inamfaa binti yako, ingawa mboga zenyewe zinamfaa. Chakula kisicho na nyama si kigeni kwao: majani ya mzabibu yaliyojazwa wali bila nyama huyaita yalancı, maana yake ya uongo, kwa kuwa yamejifanya yana nyama nayo hayana.

Muuza Mboga, Kongowea

Wapishi wamesema, nami niseme ya sokoni, kwa sababu mboga mbaya haiponywi na mpangilio wowote.

Bilingani ichague kwa uzito. Zishike mbili za ukubwa mmoja, na uchukue ile iliyo nyepesi, yenye ganda linalong'aa na kikonyo kibichi. Ile nzito iliyofifia rangi imejaa mbegu ngumu, na mbegu hizo ndizo zenye uchungu. Bamia ivunje ncha kwa kidole gumba: ikikatika kwa mlio, chukua, ikipinda, mwachie mwenyewe. Mumunye liwe changa kiasi kwamba ukucha unazama kwenye ganda bila nguvu, na kama halipo, kozeti zinafaa sawasawa. Hoho nyekundu mara nyingi huwa ghali kuliko za kijani kwa kuwa zimekaa shambani muda mrefu zaidi, lakini kuna njia: zinunue zile zilizoanza kugeuka rangi, uziache juu ya meza jikoni siku nne au tano, nazo zitaendelea kuwa nyekundu, ijapokuwa utamu wake hautafikia zilizoivia mtini. Njoo asubuhi na mapema. Kufika saa nne, bamia changa zote zimekwisha kuchukuliwa na wenye mikahawa.

Jambo la pili ni la kushibisha. Mtu asiyekula nyama wala mayai atataka kitu cha kumtia nguvu, na Waturuki wana dengu zile kubwa, ambazo sisi tunazijua zaidi zikisagwa unga wa bajia. Kikombe kimoja cha dengu zilizokwisha kuchemshwa, ukizitia pamoja na hoho, zitakifanya chakula hiki kuwa mlo kamili. Lakini tahadhari na maji. Mke wangu alipika dengu kutoka alasiri mpaka baada ya isha na zilikuwa bado zinagonga kama kokoto, tukadhani tumeuziwa dengu kuukuu. Siku ya pili tukachemsha dengu za gunia lile lile kwa maji ya mvua, zikaiva kwa muda wa saa moja na nusu. Tatizo lilikuwa maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za kisiwa yana chumvichumvi na chokaa, nayo chokaa huyakaza maganda ya mbegu za jamii ya kunde. Ziloweke usiku kucha na kuzichemsha kwa maji yasiyo ya kisima, na nyanya usiitie karibu nazo mpaka zilainike.

Mpishi wa Tudor

Nimerudi kuwapa habari, kwa kuwa mtu aliyesaidiwa akanyamaza amedhulumu. Leo nilikwenda Kongowea kabla ya saa mbili asubuhi, nikazivunja ncha za bamia moja moja mpaka muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na serikali kuzikagua. Nilizichonga kama bibi alivyoelekeza, nikazitia ndimu, na bilingani nikazimenya kwa milia. Salça sikuwahi kuitengeneza, hivyo nilichoma hoho nyekundu mbili juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, nikazimenya na kuziponda pamoja na kijiko cha nyanya ya mkebe.

Nilipika kwa chungu na kupalia. Nakiri kwamba ilikuwa vigumu kuuzuia mkono wangu usifunue, kwa maana sikusikia mtokoto wa mchuzi niliouzoea, nikadhani kinaungua. Nilipofunua baada ya dakika 35, kila mboga ilikuwa mahali pake, bamia zikiwa nzima na kavu juu, na rojo jekundu likitoka polepole pembeni nilipokandamiza kwa kijiko. Kiazi kilikatika kwa ubavu wa kijiko bila kusagika. Kosa nililofanya ni chumvi: bilingani ilikuwa imelowa katika maji ya chumvi, nami nikatia chumvi mara mbili zaidi kama ilivyoandikwa, kikazidi kidogo. Safari ijayo nitaiacha ile ya pili.

Binti aliniomba tusile mpaka kipoe. Tulingoja saa nzima, wengine wakinung'unika, kisha tukala kwa mkate wa mofa. Alitia tonge la kwanza, akanyamaza, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuchonga bamia, kwa sababu mama mwenye nyumba aliyempangisha Izmir alikuwa akizichonga vivyo hivyo akiwa amekaa mlangoni.

Kimebaki bakuli moja. Je, kitafaa kesho, au nikitupe?

Bibi wa Kuze

Usikitupe, mwanangu. Kiweke frijini usiku huu kikiwa kimefunikwa, na kesho ukitoe nusu saa kabla ya kula. Usikipashe moto, kikamulie ndimu tu na kukatia kotmiri juu. Ile chumvi iliyozidi nayo itakuwa imetulia, viazi vitakuwa vimeinywa.